Bikoni Ndani ya Jicho

Marehemu kaka yangu alikuwa fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikaa barazani kwetu mjini Morogoro, cherehani yake imeelekea barabarani, na hakuna mpita njia aliyepita bila kutaniana naye. Mimi nilikuwa mpima ardhi, mtu wa safari, leo niko Kilosa, kesho niko Mahenge. Kila niliporudi likizo nilikuwa nikikaa naye pale barazani hadi giza linaingia.

Mwaka 1994 nilianza kuona jambo dogo. Kila alipotaka kubadili uzi aliniita: "Mdogo wangu, hebu nipitishie uzi huu." Nami nilichukua ncha ya uzi, nikailowesha mdomoni, nikaipitisha kwenye tundu la sindano kwa mara moja, kisha nikamrudishia huku nikimcheka. "Kaka, uzee umebisha hodi," nilimwambia. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Haukuwa uzee. Kilichobisha hodi kilikuwa kisukari, nacho kilikuwa kimekwisha kuingia ndani na kukaa kitako. Alikuwa akinywa maji usiku kucha, akiamka mara nne au tano kwenda uani, na sisi tukasema ni joto la Morogoro. Alinunua miwani kwa mchuuzi sokoni, akabadilisha mara tatu. Kufikia mwaka 1996 alikuwa hawezi kutofautisha kanga nyekundu na ya kahawia, na cherehani ikafunikwa kitambaa. Alifariki mwaka 2001, akiwa kipofu kwa miaka mitano.

Jambo linaloniuma hadi leo si kwamba nilikuwa mbali. Nilikuwa karibu. Mimi niliyekuwa nikilipwa mshahara na serikali kwa kazi ya kutazama, nilikaa hatua moja kutoka kwa ndugu yangu, nikapitisha uzi ule mara mia, na wala sikuona kitu.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kidogo kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa kilichonipata baadaye. Katika upimaji wa ardhi kuna kitu kinaitwa bikoni. Ni kizuizi cha zege chenye chuma katikati, kilichozikwa ardhini, na mahali pake pamekwisha kuhesabiwa na kuandikwa. Watu hudhani kazi ya mpima ardhi ni kupima kiwanja. La hasha. Kazi yake ya kwanza ni kuitafuta bikoni. Mpima ardhi hawezi kukuambia kiwanja chako kiko wapi kama hajajua yeye mwenyewe amesimama wapi. Ramani zetu za Tanzania, pamoja na za jirani zetu wa Kenya na Uganda, zilifungwa kwa miaka mingi katika mfumo mmoja wa vipimo uitwao Arc 1960, na kila mstari tuliochora porini ulikuwa na nasaba inayorudi huko. Ukikosea bikoni ya kwanza, vipimo vyako vyote vinaweza kuwa sahihi, na kiwanja bado kikaangukia katikati ya shamba la mtu mwingine.

Nilistaafu nikiamini kwamba elimu hiyo nimeiacha ofisini pamoja na thiodolaiti.

Mwezi Desemba mwaka 2021 mpwa wangu, binti wa dada yetu, alikuja kutusalimu kwa wiki tatu. Alikuwa akisomea shahada ya pili katika mambo ya kompyuta, na utafiti wake ulihusu namna ya kuifundisha kompyuta kutambua sehemu mbalimbali za ndani ya jicho katika picha. Jioni moja, baada ya chakula, aliweka kompyuta mpakato yake mezani akanigeuzia kioo chake.

"Mjomba, wewe ni mtu wa ramani. Hebu nisomee ramani hii."

Niliona duara kubwa la rangi ya chungwa katika uwanja mweusi, mfano wa mwezi unaochomoza wakati wa kiangazi watu wanapochoma mashamba. Upande wa kulia palikuwa na duara dogo jeupe lenye umanjano, na kutoka hapo mistari myekundu ilitawanyika juu na chini kama mito. Katikati, mbali kidogo na duara lile, palikuwa na kivuli ambacho mito yote ilikizunguka bila kukiingia.

"Hapa pana mji," nilisema nikionyesha duara jeupe, "na barabara zote zinatoka hapo. Na hapa pana bonde, au mbuga ya kifalme, maana hakuna barabara iliyoruhusiwa kupita."

Alicheka sana, akasema kwamba nimefaulu mtihani. Picha ile ilikuwa ya retina, yaani ngozi nyembamba iliyotandikwa nyuma ya jicho, inayopokea mwanga kama sinema inavyopokelewa na ukuta. Duara jeupe ni mahali ambapo nyuzi zote za mshipa wa fahamu hukusanyika na kutoka nje ya jicho kwenda kwenye ubongo, na mishipa mikubwa ya damu huingilia na kutokea hapo hapo. Kipenyo chake ni kama milimita moja na nusu. Kile kivuli wataalamu hukiita makula, neno ambalo kwa masikio ya Mswahili linanukia jikoni. Na katikati ya makula kuna kishimo kidogo kiitwacho fovea. Hicho kishimo ndicho kinachosoma kitabu, kinachotambua uso wa mwenzako, na kinachopitisha uzi kwenye tundu la sindano.

Aliposema maneno hayo ya mwisho nilinyamaza.

Kwa maelfu ya miaka hakuna binadamu aliyeona nyuma ya jicho la mwenzake aliye hai. Mboni ilikuwa nyeusi tu. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo chake cha kuchungulia humo, na toka hapo madaktari wakaweza kuona mishipa ya damu ikiwa hai na inafanya kazi bila kumpasua mtu. Mpwa wangu alisema ndiyo sababu magonjwa mengi ya mwili, kisukari na shinikizo la damu yakiwa mbele, huandika barua zao pale kwanza. Tatizo ni kwamba barua ni nyingi na wasomaji ni wachache. Ndipo watu wakafikiri kompyuta isaidie kusoma.

"Lakini kabla haijasoma ugonjwa," alisema, "lazima ijue iko wapi. Doa moja likiwa pembeni ni jambo la kusubiri. Doa hilo hilo likiwa jirani na fovea ni jambo la haraka. Kwa hiyo kwanza tunatafuta duara la neva, halafu tunafuata mishipa, halafu tunapima hadi fovea."

"Mnatafuta bikoni," nilisema.

"Ndiyo, mjomba. Tunatafuta bikoni."

Ndugu msomaji, duara hilo lina ajabu moja ambayo unaweza kuijaribu hapo ulipo. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi, na upande wake wa kulia, umbali wa sentimita 8, weka kitone cheusi. Funga jicho la kushoto. Tazama msalaba kwa jicho la kulia, karatasi ikiwa mbali kiasi cha sentimita 30, kisha isogeze taratibu mbele na nyuma. Kuna mahali utafika kitone kitatoweka. Mfaransa Edme Mariotte ndiye aliyeligundua jambo hilo katika karne ya 17. Hapo kwenye duara la neva hakuna chembe zinazopokea mwanga. Ni mlango tu, na mlango hauoni. Lakini hebu angalia kwa makini: kitone kinapotoweka, huoni shimo wala giza. Unaona karatasi nyeupe, safi. Ubongo umeziba pengo kwa rangi ya jirani. Kila mmoja wetu ametembea na sehemu ya upofu katika kila jicho tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuiona.

Siku ya pili aliniomba nimsaidie kazi. Alikuwa akitumia mkusanyiko wa picha uitwao DRIVE, uliotolewa na watafiti wa Uholanzi mwaka 2004. Ni picha 40 tu, zilizochaguliwa kutoka katika mpango wa kuwapima macho wagonjwa wa kisukari nchini humo. Watu waliofunzwa na daktari wa macho walifuata kila mshipa kwa mkono na kuuchora, na nusu ya picha hizo zilichorwa mara mbili na watu tofauti, ili ijulikane binadamu na binadamu hutofautiana kiasi gani. Nao hutofautiana. Katika kila nukta mia za picha, wawili hao hupishana katika nukta kama tano. Kuna mkusanyiko mwingine wa zamani zaidi uitwao STARE, wa mradi ulioanzishwa na daktari Michael Goldbaum huko San Diego, Marekani, mwaka 1975. Humo picha 20 zilichorwa na watu wawili, na mmoja akachora mishipa myembamba mingi kuliko mwenzake. Sisi wa ramani hatushangai. Wape wachoraji wawili picha moja ya anga ya Bonde la Kilombero, kisha uwaulize vijito vinaishia wapi.

Alinipa kipanya na picha moja ambayo sijawahi kuiona, nami nikachora kwa karibu saa mbili. Nilijivunia. Mkono wangu bado ulikuwa imara. Nilipomaliza, aliweka mchoro wangu juu ya mchoro wa wale Waholanzi. Mishipa minene ilikuwa sawasawa. Lakini ile myembamba nilikuwa nimeikosa karibu yote, hasa ile inayokaribia makula.

"Kioo cha kompyuta yako kina mwanga mbaya," nilisema.

Hakubishana. Alikaa kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mjomba, mara ya mwisho kupimwa nyuma ya macho ilikuwa lini?"

Nina kisukari tangu mwaka 2009. Kliniki nahudhuria, dawa nakunywa. "Mwaka jana," nilimjibu.

Nilikuwa nadanganya. Sijawahi kupimwa hata mara moja. Nilipimwa ubao wa herufi, nikapewa miwani, basi. Na usidhani sikujua. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naona mistari ya gazeti imejikunja kidogo nikifumba jicho la kushoto, kwa hiyo nikaacha kulifumba. Kwa kuwa jicho moja lilikuwa likimfichia siri mwenzake, niliona karatasi nyeupe, safi.

Asubuhi ile mpwa wangu aliomba daftari langu la kliniki alitazame. Alilipekua lote, akalifunga, akanirudishia. Hakusema neno. Jumatatu iliyofuata tulikuwa kwenye foleni ya hospitali moja ambako siku hiyo kulikuwa na kamera ya kupiga picha za retina. Muuguzi alinitia matone ya kupanua mboni, nikasubiri, nikaweka kidevu kwenye kiti cha kamera, mwanga ukapiga, kwisha. Tuliambiwa daktari atazisoma picha baada ya wiki mbili. Mpwa wangu aliomba nakala kwenye flashi, wakampa.

Usiku ule aliziingiza picha zangu katika programu yake. Programu ile haikuwa ya kutambua ugonjwa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuweka msalaba mdogo wa buluu mahali inapodhani pana duara la neva. Alianza na jicho la kushoto. Msalaba ukaanguka katikati ya duara, barabara kabisa. Akaleta jicho la kulia. Msalaba ukaanguka upande wa kushoto wa picha, mbali na duara, karibu na kile kivuli cha katikati.

Nilicheka. "Bikoni yako imehama, mwanangu."

Yeye hakucheka. Alikuza picha. Chini ya msalaba palikuwa na madoa ya manjano yanayong'aa, yameshikana kama nta iliyodondoka mezani.

Baadaye alinieleza, na nitalieleza kama nilivyolielewa. Njia ya zamani na rahisi ya kulitafuta duara la neva ni kutafuta mahali panapong'aa kuliko pengine pote, penye ukubwa unaolingana na duara. Katika jicho zima njia hiyo hufanya kazi vizuri. Lakini kisukari kinapochakaza mishipa midogo, mishipa hiyo huvuja, na mafuta yaliyomo katika damu hubaki kwenye retina kama chumvi inavyobaki maji yakikauka. Madoa hayo hung'aa. Yakiwa mengi hung'aa kuliko duara lenyewe. Kompyuta ilikuwa imefanya ilivyoagizwa. Ilikwenda kwenye mwanga mkubwa kuliko yote, na mwanga huo ulikuwa ni ugonjwa wangu.

"Kuna njia ya pili," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Njia ya pili haijali kinachong'aa. Hufuata mishipa. Mwaka 1989 watafiti, Goldbaum akiwa mmoja wao, walitoa hesabu ya kuitafuta mishipa: unachukua kipande kidogo cha mfano wa mshipa ulionyooka, unakilaza juu ya picha, unakizungusha nyuzi 15, unajaribu tena, mara 12, mpaka umemaliza mielekeo yote. Kinapolingana, pana mshipa. Watu hutumia sehemu ya kijani ya picha, kwa sababu damu humeza mwanga wa kijani na mishipa huonekana myeusi zaidi. Kisha, mwaka 2003, Adam Hoover pamoja na Goldbaum walionyesha kwamba ukirefusha mishipa hiyo kwa kalamu ya hesabu na kuuliza inakutana wapi, unapata duara la neva hata kama limefunikwa au limezidiwa mwanga. Waliijaribu kwa picha 81, nyingi zikiwa za macho yaliyoharibika vibaya, na wakapata sahihi karibu tisa katika kila kumi. Mwaka uliofuata Waitaliano waliiboresha kwa kuona kwamba mishipa mikubwa hupinda kwa umbo maalumu la hesabu, kama upinde, na kwamba kilele cha upinde huo kiko kwenye duara.

Nilielewa mara moja, maana ndivyo tulivyofanya porini bikoni ilipopotea. Huendi kwenye jiwe jeupe kuliko yote. Unachukua mistari unayoiamini, unairefusha, na pale inapokatana ndipo unapochimba.

Aliendesha programu ya pili. Msalaba ukaruka ukatua kwenye duara langu la kweli. Kutoka hapo akapima. Jicho lina rula yake lenyewe: kipenyo cha duara la neva ndicho kipimo, na fovea iko umbali wa kama vipenyo viwili na nusu, chini kidogo ya usawa. Halafu akapima kutoka fovea hadi kwenye madoa. Hakuniambia jibu. Nilimwona akipima tena. Mimi nimefanya kazi na watu wanaopima mara mbili, najua maana yake. Wataalamu wana sheria kwamba madoa yakiwa ndani ya kipenyo kimoja kutoka fovea, mgonjwa asisubiri.

"Mjomba," alisema, "mimi si daktari, na programu hii haikutengenezwa kumwambia mtu kitu. Lakini hatutangoja wiki mbili. Kesho asubuhi tunarudi."

Ndipo nikamwambia ukweli wote: kwamba sijawahi kupimwa, kwamba mistari ya gazeti imejikunja, kwamba naogopa. Nilimweleza habari za sindano ya kaka yangu. Alikuwa mtoto mdogo mjomba wake alipofariki. Alichokumbuka ni mzee aliyekuwa akimgusa uso kwa vidole ili kumtambua.

Daktari alisema makula ya jicho la kulia yamevimba. Nilipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, nikapigwa leza, nikachomwa sindano ndani ya jicho, jambo ambalo kulisikia ni baya kuliko kulipata. Leza si dawa ya juzi. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani ulikwisha kuonyesha mwaka 1985 kwamba inapunguza kwa nusu hatari ya kupungukiwa nuru kwa wagonjwa wenye uvimbe wa aina yangu. Nimeutazama mwaka huo mara nyingi. Kaka yangu alianza kuniomba uzi mwaka 1994.

Jicho langu la kulia halikurudi kama zamani. Kwa jicho hilo naona mlango, sioni kitasa. La kushoto liko salama, na ndilo ninaloandikia haya.

Tangu wakati huo nimekuwa nikifuatilia habari za mashine hizi. Mwaka 2016 watafiti wa Google walitangaza kompyuta iliyofundishwa kwa picha zaidi ya laki moja na elfu ishirini, ambayo haikuelekezwa hata mahali pa kutafuta, ilijitafutia yenyewe. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu mashine ya kwanza inayotoa jibu la macho ya mgonjwa wa kisukari bila daktari kuisoma picha, na mwanzilishi wake, Michael Abràmoff, ni mmoja wa wale walioandika kuhusu zile picha 40 za Uholanzi. Mpwa wangu alikuwa na wasiwasi kwamba kompyuta iliyolelewa kwa macho ya watu wengine itapotea ikikutana na yetu, ambayo retina zake zina rangi nzito zaidi. Ni swali la haki. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya mashine iliyofundishwa Singapore na kujaribiwa kwa Wazambia 1,574 wa Copperbelt, na ikafanya vizuri. Nilifurahi, si kwa sababu ya mashine, bali kwa sababu kuna mtu aliyeona umuhimu wa kuuliza.

Lakini matokeo yanayonigusa kuliko yote ni ya Rwanda, ya mwaka 2022. Wagonjwa wa kisukari waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa jibu la mashine papo hapo, jingine likangoja jibu la binadamu kwa siku chache. Katika wale waliotakiwa kwenda kwa daktari wa macho, waliokwenda katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 51.5, na katika kundi la pili asilimia 39.6. Jibu la haraka lilisaidia. Lakini angalia upande wa pili wa hesabu hiyo: hata walioambiwa papo hapo, karibu nusu hawakwenda. Siwahukumu. Najua mtu anavyoweza kushika jibu mkononi na kuendelea kuona karatasi nyeupe.

Mara kwa mara huwaza kuhusu ule msalaba wa buluu uliotua mahali pasipo pake. Nyumbani kwetu kilichong'aa kuliko vyote kilikuwa kicheko cha kaka yangu. Sisi sote tulikwenda kwenye kicheko hicho, tukasema huyu mzima. Hatukufuata mistari mingine: maji ya usiku, miwani mitatu, uzi. Tungeirefusha mistari hiyo ingekutana mahali pamoja, na mahali hapo hapakuwa mbali.

Ndugu msomaji, kama una kisukari, au unaye ndugu mwenye nacho, usiridhike na ubao wa herufi. Omba watazame nyuma ya jicho, kila mwaka, hata kama unaona vizuri. Hasa kama unaona vizuri. Na mtu akikuomba umpitishie uzi, mpitishie, kisha umuulize.

Cherehani ya kaka bado ipo. Mjukuu wangu wa kike ndiye anayeishonea siku hizi. Juzi aliniletea sindano barazani, kwa mazoea tu ya watoto kuwapa wazee kazi ndogo. "Babu, nipitishie." Nilijaribu mara moja, mara ya pili, uzi ukapita pembeni. Zamani ningesema mwanga ni mbaya.

"Jicho hili halioni, mama," nilimwambia. "Ngoja nigeukie upande huu, na wewe nishikie sindano."

Akaishika. Uzi ukapita.